Hili ua sio la Ulaya jamani

Jumamosi nilipita kwa wauza miche hapa Moshi kutafuta maua ya kivulini, maana barazani kwangu jua halifiki kabisa, kijana akanipa kiriba kina ua la pinki, shina laini limejaa maji, akasema dada chukua hili, la Ulaya. Nikachukua, ila roho iliniuma, mana ua hilo hilo nililikuta kwa bibi Marangu, chini ya migomba pembeni ya mfereji, na hakuna aliyewahi kulinunua.

Kitaalamu linaitwa Impatiens walleriana na asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, kushuka mpaka Msumbiji. Wazungu walilipa jina hilo 1868, la Horace Waller, yule mmisionari rafiki yake Livingstone, halafu 1882 likaelezwa tena London kama ua jipya likaitwa Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, kumbe ni lile lile tu, basi jina la kwanza ndo likabaki. Lilitoka kwetu likaenda kujaza bustani zao, leo tunauziwa kama mgeni!

Ndugu zake wanazidi spishi 1,000 duniani, na mmoja, Impatiens kilimanjari, haupo popote isipokuwa mlima huu. Ukipanda njia ya Marangu kuelekea Mandara, kule msituni kwenye unyevu, inama uangalie chini: kaua kekundu, nyuma kana kamkia kamejikunja kama mkonga wa tembo, humo ndani ndo kuna nekta. Watu wanakapita mbio wanawaza kilele tu, mi naweza kukaa hapo nusu saa.

Neno impatiens lenyewe ni Kilatini, asiye na subira, na sababu nimemwonyesha mpwa wangu jana. Kitumba chake cha mbegu ni cha kijani, kimevimba katikati, kikikomaa kinakuwa kimekaza hatari, ukikigusa tu kinapasuka vipande vitano vinajikunja kwa mpigo na mbegu zinaruka huko. Nikamwekea kimoja kiganjani nikamwambia minya polepole. Kikalipuka, akapiga kelele, "Shangazi, limenipiga!" halafu akacheka mpaka akakaa chini, akaanza kuvitafuta vingine.

Vyote vilivyokomaa kavimaliza, sasa hivi mbegu ziko mpaka kwenye viatu.