Krismasi juu ya paa

Leo Krismasi nimeshinda juu ya paa. Niko Mecufi, kaskazini mwa Msumbiji.

Kimbunga Chido kilipiga hapa tarehe 15. Siku kumi sasa, minazi haina vichwa, mabati ya watu yamenasa kwenye mikorosho.

Mchana misumari ikatuishia. Nikashuka nikijua kazi imelala.

Kumbe bibi mwenye nyumba yuko chini ya mwembe, anaokota misumari iliyopinda, anainyoosha kwa jiwe mmoja mmoja, anatumbukiza kwenye kopo la maziwa. Ting!

"Chukua hii, mjukuu wangu. Ina kutu kidogo tu."

Kidogo! Ilikuwa myekundu yote.

Ile ting bado iko masikioni.

Mlioko Pemba (hii ya huku, si ya Zanzibar), nani ana misumari ya bati?