Refa apewe kipaza sauti

Nimepuliza filimbi kwenye mechi za vyuo na za mitaa hapa Mombasa kwa miaka kadhaa, na hakuna kauli inayonichoma kama hii: "Refa kala." Mtu hasemi refa alizibwa, au alisimama pabaya. Moja kwa moja, kahongwa. Kwenye baraza za Mji wa Kale hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa.

Mdogo wangu alipokwenda kusoma Ohio ndipo nilipoanza kufuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Msimu unapoanza, mechi ya saa sita mchana ya kule huanza huku saa moja usiku, kati ya Magharibi na Isha. Mimi humtazama refa. Juu ya uwanja kuna mwamuzi wa video anayekagua kila tukio, na haruhusiwi kubadilisha uamuzi mpaka picha ioneshe kosa lisilopingika. Wakishamaliza, refa anawasha kipaza sauti na kuuambia uwanja mzima: uamuzi wetu ulikuwa huu, tumetazama upya, tumeona hivi. Shabiki aliyekaa mbali kabisa naye anasikia.

Wao pia hukosea, tena vibaya. Tarehe 31 Oktoba 2015, timu ya chuo cha Duke ilikuwa ikiongoza ya chuo cha Miami 27 kwa 24, zikibaki sekunde 6. Miami wakaupokea mpira wa kuanzishia, wakarushiana mara nane huku wakikimbizwa, mwishowe mmoja akafika nao mpaka mwisho: 30 kwa 27. Marudio yalionesha goti la mchezaji wa Miami limegusa chini kabla hajauachia mpira, na kwa sheria zao mchezo ulikuwa umekufa pale pale. Waamuzi walikagua kwa dakika tisa hivi na bado wakalikubali bao. Kesho yake ligi yao, ACC, iliyataja makosa hadharani na kuwasimamisha waamuzi wale mechi mbili. Matokeo hayakubadilika, na Duke wana haki ya kuumia mpaka leo. Lakini walijua wamekosewa wapi na nani.

Mnajua ya Tottenham na Liverpool, 30 Septemba 2023. Bao la Luis Díaz lilikuwa halali, mshika kibendera akasema ameotea, na mtu wa VAR, yaani mwamuzi wa video, akadhani uwanjani wamelikubali, akasema ukaguzi umekamilika. Mpira ukaanzishwa, na sheria haikuwaruhusu kurudi nyuma. Siku chache baadaye sauti za chumba cha VAR zikatolewa. Ukizisikiliza unasikia watu waliobabaika, wanaogundua kosa lao huku saa inakwenda. Hapa kwetu wapo waliokuwa wameapa kwamba mechi imenunuliwa. Baada ya sauti zile wakaanza kuzungumzia uzembe. Ni lawama nzito, ila angalau ni ya kweli.

Sasa linganisheni na fainali ya klabu bingwa Afrika ya 2019, pale Radès, Tunisia. Wydad ya Morocco walifunga, bao likakataliwa, wakataka litazamwe upya, kumbe VAR haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea. Mechi ikasimama zaidi ya saa nzima, kombe likaenda kwa wenyeji, Espérance, kesi zikafuata. Laiti uwanja mzima ungetangaziwa kabla ya mpira kuanza kwamba leo hakuna VAR!

Sisi kamera hatuna, na sidhani tutazipata karibuni. Kinywa tunacho. Kwenye mechi moja ya vyuo, Changamwe, nilikataa bao kwa sababu mwenzake mfungaji alikuwa ameotea na amemziba kipa asione. Niliwaita manahodha wote wawili nikawaeleza hivyo hivyo, kwa sentensi moja. Nahodha aliyenyimwa bao alikasirika, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwaambia mashabiki wake sababu. Sikusikia hata mmoja akitaja hongo.

Wazee wetu wa filimbi wanasema refa akijieleza anaonekana dhaifu. Nawaheshimu, ndio walionifundisha, lakini hapo sikubaliani nao. Ninachoomba chama chetu ni kidogo: kabla ya msimu ujao iandikwe kanuni kwamba bao likikataliwa au kadi nyekundu ikitolewa, refa awaite manahodha wawili na kuwaambia sababu kabla mpira haujaanza tena, na ripoti yake isomwe na timu zote mbili.