Usiguse ukuta kabla ya kuutazama kwa mwanga wa bluu

Saratani changa ya seli bapa kwenye mirija mikubwa ya mapafu mara nyingi haina kivimbe. Ni milimita chache za utando ulionenepa kidogo, aghalabu pale mrija unapogawanyika, na kwa mwanga mweupe hata jicho lililozoea hulipita doa hilo. Ndiyo maana bronkoskopi (kuingiza kamera nyembamba, bronkoskopu, kwenye mirija ya mapafu) ya mng'ao asilia wa tishu ina thamani kubwa.

Hakuna rangi wala dawa ya kumchoma mgonjwa. Ukuta ukimulikwa kwa bluu ya nanomita 400 hadi 450, kolajeni na elastini, protini zilizo chini ya tabaka la juu, hung'aa kijani, kilele kikiwa karibu na nanomita 520. Chujio huizuia bluu inayorudi, maana bila hivyo ingeufunika mng'ao huo hafifu. Penye displasia (seli zilizobadilika na zinazoweza kugeuka saratani) au saratani changa, tabaka la juu limenenepa na damu imeongezeka, na hemoglobini, rangi nyekundu ya damu, hufyonza bluu. Kijani hushuka sana, wekundu hushuka kidogo, nawe unaona doa la hudhurungi au zambarau kutegemea mashine.

Tatizo ni kwamba vitu vingi visivyo saratani hutoa doa lilelile: bronkaitisi, kovu la biopsi (kipande cha tishu kilichokatwa ili kupimwa) ya zamani, na mikwaruzo yako mwenyewe. Ukinyonya ute huku ncha ya bronkoskopu imegusa ukuta, doa hutokea papo hapo. Kwa hiyo shika ncha katikati ya mrija, dondosha lidokeini, dawa ya ganzi, kabla ya kila hatua ili kikohozi kisiupige ukuta kwenye ncha, na ute ulionata uoshe taratibu kwa maji ya chumvi. Anza na mwanga mweupe, kisha bluu, pande zote mbili. Ukiona giza, sogea karibu na ulitazame eneo hilo kwa pembe nyingine. Umbali na mshazari navyo hutia kivuli. Doa la kweli halihami, na kingo zake hubaki palepale.

Biopsi ni za mwisho kabisa. Tone moja la damu linatosha kuharibu picha ya tundu zima la mrija. Chukua vipande 2 kwa kila doa na kimoja penye kijani kizuri kwa kulinganisha, kila sehemu na chupa yake ya fomalini iliyoandikwa mahali hasa. Rangi pekee haitoshi kumwambia mgonjwa ana saratani. Jibu hilo hutolewa na mtaalamu wa patholojia.

Kipimo hiki si cha kila mvutaji sigara. Adenokasinoma, saratani za seli za tezi, zilizo pembezoni mwa pafu bronkoskopu haizifikii. Hizo ni kazi ya CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka. Kinamfaa zaidi mtu mwenye seli za saratani kwenye makohozi ilhali eksirei ni safi, aliyewahi kukutwa na displasia kali, na anayeandaliwa upasuaji au tiba ya ndani ya mrija. Kwa huyu wa mwisho, pima kingo kwa bluu: mara nyingi doa ni pana kuliko lilivyoonekana kwa mwanga mweupe.