Nilivyoingia kwenye rali bila gari

Duka letu la spea liko Igoma, Mwanza, na kwa miaka mingi niliamini kwamba bila gari huwezi kuingia kwenye rali. Nikawa naweka akiba ya kununua Starlet, nifungiwe vyuma vya kuimarisha bodi, ninunue helmeti na mikanda ya mashindano. Moyoni nilimshika Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo ya mtumba. Ila akiba ile ilikuwa haifiki popote.

Mteja wetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa fundi wa timu, ndiye aliyenifungua macho. "Binti yangu, gari litakuja. Mashindano yajayo yanakosa watu wa kusimama njiani. Nenda kajiandikishe."

Mafunzo ya mashali, yaani hao wasimamizi wa njiani, yalikuwa alasiri moja tu. Usisimame upande wa nje wa kona, maana gari likiteleza huelekea huko. Gari likikwama, waliomo huweka pembetatu nyekundu angalau mita 50 kabla ya lilipo, kisha huonyesha bango: OK kama ni wazima, SOS kama kuna majeruhi. Anayefuata akiona SOS, lazima asimame. Nikapewa redio, filimbi na daftari.

Habari ya ng'ombe haikutajwa. Kona yangu ilikuwa upande wa Misungwi, mahali barabara ya vumbi inapokata njia ya mifugo kwenda malamboni. Siku moja kabla, nilizunguka na mwenyekiti wa kitongoji nyumba kwa nyumba. Tukamkuta mzee mwenye kundi kubwa chini ya mwembe.

"Mwadila, baba," nikamsalimia kwa Kisukuma. Nikamweleza kwamba barabara itafungwa saa tatu hadi saa sita.

Alinyamaza kidogo. "Saa nne ndiyo saa yao ya maji. Nikiwawahisha alfajiri watavuka kwenda, lakini kurudi je? Vijana wangu watajuaje kwamba njia imefunguliwa?"

"Nitakuja kuwaambia mimi mwenyewe."

Kulipokucha ng'ombe walivuka, nikafunga utepe. Watoto walitaka kukaa ukingoni kabisa. Nikawapandisha juu ya mwamba, upande wa ndani, nikawaomba wakubwa wawashike wadogo. Yakapita magari ya kukagua njia, yale ya 000, 00 na 0, kisha washindani, moja kila baada ya dakika mbili. Upepo wa ziwani haukufika huko, vumbi likaning'inia hewani. Namba nilizitambua kwa shida, lakini niliziandika zote, kila moja na saa yake.

Namba 6 ikapita. Kisha ikaja namba 8.

Nilisoma daftari mara mbili kabla ya kubonyeza redio. Kituo kilichotangulia changu kikajibu kwamba namba 7 ilipita kwao. Basi ilikuwa katikati yetu, kwenye kilomita mbili ambazo hakuna shali aliyekuwa akiziona. Namba 8 haikusimama, kwa hiyo nilijua huenda waliona OK, lakini mikono ilinitetemeka hadi kontroli, waongozaji wa mashindano, walipothibitisha: gari limetumbukia mtaroni, dereva na navigeta wake, yaani msomaji wa njia, ni wazima. Kazi hii ilinishika hapo hapo. Mstari mmoja mtupu kwenye daftari langu ndio uliowaonyesha watu pa kutafuta.

Kulivuta gari lile kulichukua muda, saa sita ikapita njia ikiwa bado imefungwa. Gari la mwisho la kufunga mashindano lilipopita karibu saa saba, nilikunja utepe, nikakata mbuga kwa miguu mpaka malamboni. Vijana walikuwa wamewazuia ng'ombe wote kivulini. Mzee naye alikuwepo, amesimama na fimbo yake.

"Njia ni nyeupe, baba. Nisamehe kwa kuchelewa."

"Wabeja, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma, akapiga mluzi, ng'ombe wakainuka.