Jerikeni langu na maji ya Manda

Nyumbani kwetu Langoni, mjini Lamu, kayaki yangu, mtumbwi mdogo wa kupiga kafi, wanaiita Jerikeni. Jina hilo alilitoa fundi mmoja wa mashua wa Matondoni siku nilipompelekea aione. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akauliza: "Haina ubao, haina msumari, haina kalafati. Hii imeundwa au imepikwa?" Alipatia bila kujua. Kayaki za plastiki hupikwa kweli: unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu, kalibu ikazungushwa motoni mpaka unga uyeyuke na kushika pande zote. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Basi hilo ni jerikeni, dada yangu."

Niliinunua kwa shilingi 9,000 kutoka hoteli moja iliyokuwa ikiuza vyombo vyake vikuukuu. Ni ya watu wawili, na unakaa juu yake, si ndani. Ina matundu ya kupitishia maji, yakiingia yanarudi baharini yenyewe, kwa hiyo upo, kile chombo cha kutolea maji, hauna kazi. Rangi ilikuwa manjano zamani. Chini ya kiti cha nyuma palikuwa na ufa wa shibiri nzima, ndiyo sababu ya bei ile. Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nimeuza gundi za kila namna kwa miaka 11, na nilijua hakuna hata moja itakayoshika plastiki ile. Tukakata kipande cha jerikeni la mafuta ya kupikia, tukapasha moto bapa la chuma, tukayeyusha kipande juu ya ufa kidogo kidogo mpaka vikawa kitu kimoja. Ufa umeshika mpaka leo, na jina nalo likawa halikwepeki.

Nimezaliwa Amu, ndiyo Lamu, na mpaka nilipofikisha miaka 39 nilikuwa abiria. Kaka zangu walipelekwa baharini wangali wadogo, wakafundishwa kutweka tanga na kushika usukani. Mimi bahari niliijua nikiwa nimekaa kwenye ubao wa boti, mkoba mapajani, mtandio ukinichapa usoni: Mokowe kupanda basi, Faza kwenye arusi, Shela kwa shangazi. Usukani ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine, na injini inanguruma mwanzo hadi mwisho. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia bahari.

Siku ya kwanza kukaa kwenye Jerikeni nilishangaa jinsi nilivyo chini. Maji yako usawa wa nyonga. Mkono ukiuachia tu, umelowa. Na ukiingia kwenye mikoko bila injini, unasikia vitu: kaa wanaalika kwenye tope, matone yanadondoka kutoka kwenye kafi, mdiria anapiga maji mara moja tu, chwa, na kupaa. Wanaopita na boti za injini wanasema mikoko ni kimya. Wao ndio wanaopiga kelele.

Somo la kwanza nililipata Takwa. Magofu yale yako upande wa pili wa Manda, kisiwa kinachokabili mji wetu, ukitokea mjini, na unafika kwa mkono mwembamba wa bahari unaopenya katikati ya mikoko. Mji ulihamwa karne ya 17, na mpaka leo watu wa Shela huenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara. Nilikwenda na mwana wa dadangu, kijana wa miaka 17 anayekaa kiti cha mbele kwa sababu ya mabega yake na kwa sababu pale namwona. Tulizunguka msikiti, tukapiga picha, tukala mahamri, tukapiga soga. Tuliporudi, bahari ilikuwa imeondoka. Jerikeni limekaa kwenye tope, na tope lile ukitia mguu linakushika gotini. Tulingoja mpaka usiku, sisi na mbu, na tende saba. Tulizigawa tatu tatu, ya saba tukaivutania.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi. Alinikuta kesho yake nikijipaka dawa ya mbu, na hakuuliza kitu. Alisema tu, "Mwanangu, mai hayashindwi. Hungojwa." Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, jioni, barazani, kwa kahawa chungu.

Nilipomwambia nataka kuizunguka Manda yote, alinyamaza kikombe kizima. Kisha akachovya kidole kwenye kahawa akachora kisiwa juu ya baraza. Bahari inapojaa, alisema, maji huizunguka Manda kwa pande mbili: mengine yanapita Mlango wa Lamu, mengine yanatokea ghuba ya Manda. Yanakutana ndani ya Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya kisiwa na bara ambao boti za Pate husubiri maji ndipo zipite. Kwa hiyo uingie Mkanda maji yakijaa, uwe katikati yakisimama, utoke upande wa pili yakipwa. "Ukitangulia utapigana, ukichelewa ni tope." Upande wa nje ushuke na upepo wa kaskazi mgongoni, halafu ufike Ras Kitau maji yameanza kujaa tena, yakubebe mpaka nyumbani. Kahawa ilikuwa imeshakauka, kisiwa kimefutika.

Siku lazima ichaguliwe. Mwezi mpevu, bamvua, kwetu maji hujaa saa kumi na kitu alfajiri, hayafai. Lakini kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ikifika mwezi 19, siku ya kumi na tisa tangu mwezi kuandama, yanajaa saa mbili na nusu hivi asubuhi. Tukachagua mwezi 19, wakati wa maleleji, kaskazi imechoka na kusi haijaanza.

Tulisali alfajiri, tukashusha Jerikeni kwenye ngazi saa kumi na moja na nusu. Nilivaa suruali pana, kanzu fupi ya mikono mirefu, mtandio umefungwa nyuma, na jaketi la kuokoa maisha juu ya yote. Mzee mmoja anayeteremsha mchanga alinitazama akasema, "Haya, nahodha." Nadhani alinitania. Nililipokea hivyo hivyo.

Sitaeleza sana safari ya mpaka mdomo wa Mkanda, ilikuwa kupiga kafi na kupiga miayo. Lakini ndani ya Mkanda, jua likiwa bado chini, maji yalikuwa yametutangulia kwenye mikoko. Mkoko wenye miguu ya buibui, mchu unaotoa mizizi juu kama penseli, yote imezama nusu, na sisi tunapita juu ya mahali ambapo saa chache baadaye mtu atatembea akitafuta kaa. Niliacha kupiga kafi nikatazama povu. Lilikuwa haliendi mbele wala nyuma. Saa mbili na dakika arubaini. Ami alikosea kwa dakika kumi.

Hapo ndipo kijana alipopiga ukelele. Samaki alikuwa ameruka kutoka majini, akampiga begani, akaangukia mapajani kwangu. Mkizi, mnene kama mkono wangu. Wazee husema hasira ya mkizi, tijara ya mvuvi, na mimi maisha yangu yote nilidhani ni maneno tu. Nilimfunga kwenye kitambaa chenye maji nikamweka chini ya kiti nikamwonyeshe Ami.

Kisha maji yakatushika. Huhitaji nguvu, unaelekeza tu. Mkanda ukafunguka kwenye ghuba, na kule ng'ambo tukaona winchi za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Zimesimama kama twiga waliopotea njia. Tuliteremka kwenye magofu ya Manda yenyewe, mji wa karne ya 9, mkongwe kuliko mji wetu wowote unaosimama leo. Takwa ina kibao na tikiti, huku hakuna kitu, vichaka tu, na ukuta wa bahari wa mawe ya matumbawe ambayo mtu mmoja hawezi kuyatikisa. Tukakaa juu yake na chupa ya chai na viazi karai. Nilijaribu kufikiria mafundi waliouweka, nikajikuta nafikiria saruji: hawakuwa nayo, na ukuta upo. Wateja wangu hurudi na malalamiko ya nyufa baada ya miaka miwili.

Manda Toto, kisiwa kidogo jirani, tulifika adhuhuri, tukasali mchangani, tukalala chini ya kivuli cha jiwe. Nitasema ukweli: pale niliogopa. Upande wa nje niliuona mara moja tu maishani, kwenye boti, nikitapika. Kijana aliniuliza, "Mama mdogo, turudi tulikotoka?" Nikamjibu Mkanda sasa ni tope, ambalo lilikuwa kweli, na kwamba siogopi, ambalo halikuwa.

Wimbi la nje halikupigi. Linakuja limeumuka, halina povu, linakuinua taratibu mpaka unaona mchanga mweupe wa Takwa na mstari wa mwamba ukichemka mbali kulia kwako. Halafu linakushusha, na unaona maji peke yake, na mgongo wa mpwa wako. Kupanda, kushuka. Kwa nusu saa ya kwanza nilikuwa nahesabu mawimbi. Baada ya hapo nilikuwa naimba, nyimbo za arusi, kwa sauti ambayo kule mjini nisingeithubutu, kijana akiitikia kwa kupiga kafi kwenye ubavu wa Jerikeni. Kaskazi dhaifu inatusukuma mgongoni, kiganja cha mkono wa kulia kimeshatoka malengelenge mawili, na sikutaka pwani ile iishe. Kasa aliinua kichwa karibu yetu, akatutazama, akazama. Ami husimulia kwamba ujanani mwake aliona nguva. Mimi bado.

Ras Kitau tulikata kona saa kumi na moja na robo, na maji yalikuwa yanaingia kama alivyosema. Tukaweka kafi mapajani. Mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, ukapita kushoto kwetu polepole kama vile wenyewe ndio unaotembea. Boti moja ya abiria ilitupita ikinguruma, wanawake wamekaa, mikoba mapajani. Mmoja alisimama. Akaambiwa akae.

Ami alikuwa kwenye ukuta wa bandari, amevaa kofia yake ya vito ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa. Nilimpa kitambaa kabla ya salamu. Alikifunua, akanusa, akakifunga.

"Huyu ni wa asubuhi."

"Ndiyo, Ami. Mkanda. Aliruka mwenyewe."

"Angeliwa asubuhi." Akamtupia paka, nao walikuja kumi.

Kesho yake duka lilifunguliwa saa mbili. Mteja wa kwanza alitaka kopo la rangi ya bluu la rafu ya juu kabisa. Niliinua mkono ukaishia usawa wa sikio. Nikamwambia achague rangi iliyo chini.