Matema, ukutani mwa ufa wa Ziwa Nyasa

Kutoka Uyole, Mbeya, asubuhi, koti ni lazima. Kosta yetu ilipanda Isongole kwenye ukungu, viazi vimepangwa kando ya barabara, kisha ikaanza kuteremka kwenye chai na migomba ya Tukuyu. Mlima Rungwe, volkano yenye urefu wa karibu mita 3,000, ulikuwa kushoto umejifunika mawingu. Tulipofika Ipinda koti lilikuwa begani, na Matema nikalitupa kabisa.

Kilichonileta huku ni milima ya Livingstone. Inasimama wima kutoka majini kama ukuta wa nyumba, na kweli ni ukuta: ndiyo kingo ya ufa mkubwa uliolizaa ziwa. Upande mmoja wa ardhi uliinuka, mwingine ukazama.

Ufukweni unatembea mbali na maji bado yako kiunoni. Mvuvi mmoja akanipeleka kwa mtumbwi kuelekea Ikombe, chini ya miamba. Akafungua kamba iliyoviringwa kwenye kijiti, jiwe limefungwa mwishoni, akaiachia. Ikakimbia mpaka kijiti kikabaki kitupu. Kamba ikaning'inia, imekaza.

"Hapa, kaka, sijawahi kugusa chini."

Nilisisimka. Uso wa ziwa uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini kusini zaidi kina chake kinakaribia mita 700. Maana yake kitako cha Nyasa kiko chini kuliko uso wa Bahari ya Hindi! Bahari ya Shamu nayo ilianza hivi, kwa bara kupasuka, Arabuni ikaachana na Afrika, maji ya bahari yakaingia. Huku kwetu ardhi inaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka, ila ni kazi ileile.

Baharini huwezi kusogelea ukuta wa namna hii. Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari iliruka karibu na Sumatra, ufa ukateleza kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na mawimbi yakafika hadi pwani yetu. Aliyekuwa ufukweni hakuuona ufa wenyewe.

Nilimuuliza mvuvi kuhusu matetemeko. Akanyoosha kasia kuelekea Malawi: Desemba 2009 nyumba za Karonga zilibomoka, ardhi ikitikisika tena na tena kwa wiki kadhaa. Na haukuwa ukuta huu wa Livingstone uliocheza. Zilikuwa nyufa ndogo za magharibi, kwenye tambarare ambako mtu hakuona hata kilima cha kumtahadharisha.