Nilivyowakaribisha wageni wa mkutano kwa doti za kanga

Nilipokabidhiwa usiku wa kuwapokea wageni wa mkutano wa wadau wa utalii hapa Unguja, kila mtu aligeuka mtaalamu. Mpambaji mmoja alinisisitizia nikodi sanamu za tembo na twiga, nilete ngoma ya Kimasai, kisha DJ amalizie. Unguja! Sisi tunaye kima punju wa Jozani, ambaye nje ya Zanzibar hapatikani, na mtu ananiletea twiga wa plastiki. Na mji wenye kundi la taarab kama Ikhwani Safaa, lililoanza 1905, uchezewe muziki wa flashi? Nilikasirika kwelikweli.

Nilichagua Ngome Kongwe. Kaskazi ilikuwa inavuma, na ufukweni ingeng'oa hata vitambaa vya meza, lakini zile kuta walizojenga Waomani baada ya kumtoa Mreno zinakinga upepo vizuri. Saa nilipanga baada ya Isha. Walionishauri tuanze saa kumi na mbili jioni walisahau Magharibi: wapishi na wapigaji wako msikitini, nani atapokea wageni?

Sasa kanga. Katika kila mkutano wageni hujikusanya na wanaojuana nao, wenyeji na kahawa yao upande wao, wakaachana bila kusalimiana. Nikawaza: kanga huuzwa doti, vipande viwili vyenye jina moja, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Nikanunua mzigo wa jumla Darajani, fundi akazikata na kuzipinda. Mlangoni niliweka makapu mawili. Kapu la kwanza la wageni wa nje, la pili la wenye hoteli, waongozaji watalii na wakulima wa viungo wa hapa. Kila mmoja achukue kipande kimoja, amtafute mwenziwe.

Kabla ya hapo mama mkubwa alikaa na rundo zima, miwani puani, akisoma jina moja baada ya jingine. "Hii weka pembeni, mwanangu, hii ya kumpiga mtu kijembe." Aliondoa nyingi! Ukiiga jambo hili, mtafute mtu mzima anayejua mipasho. Usijiamini kwa rangi za pindo tu.

Ile nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wazungu wanatembea wamekunjua kanga kifuani, wanasoma herufi kwa herufi, "We-ma ha-u-o-zi", na vijana wa Nungwi wanapaza sauti, "Wema hauozi yuko huku!" Wakala mmoja kutoka Ujerumani aliangukia "Usisafirie nyota ya mwenzio", na mwenziwe alikuwa bibi mwenye nyumba ya wageni Jambiani. Walikaa pamoja mpaka taarab inakwisha, wameshaelewana kuhusu vyumba vya msimu ujao. Wanaume walijitupia kanga mabegani, hakuna aliyeona haya.

Chakula hakikunisumbua: urojo, mishkaki ya pweza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Pilipili iwe kando. Ila muuza kahawa msimkose, na dele lake na kashata. Zile kelele za vikombe vinavyogonganishwa huwavuta watu kuliko tangazo la kipaza sauti.

Kwa taarab, waacheni wapigaji waanze na bashrafu, ule muziki wa ufunguzi usio na mwimbaji, bila kuharakishwa. Mtu wa itifaki alinijia mara kadhaa kutaka wafupishe, nilimkatalia. Nilikuwa nimewaandalia wageni noti ndogondogo na kuwaeleza habari ya kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa anapoimba, na mwimbaji alipofika kwenye kiitikio walijipanga wenyewe, kanga mabegani, wakaenda kumtunza.

Kanga zote pamoja na fundi hazikufika hata nusu ya alichotaka yule mpambaji kwa sanamu zake. Doti zilizobaki nimeikabidhi kamati ya mwakani, kwa sharti kwamba mama mkubwa aitwe kuzisoma kwanza.